Bahasha za Manowari na Unyayo wa Mwanangu

Nianze na meli, kwa sababu meli ndiyo iliyonifundisha ujinga.

Nilipofika Riyadh nilipelekwa Al-Malqa, kwenye nyumba yenye ngazi mbili, moja ya wenyewe na nyingine yetu sisi wa kazi. Alikuwepo madam, mume wake ambaye ndiye kafili wangu, yaani mdhamini aliyenileta na kushika karatasi zangu, na baba yake madam, mzee aliyekaa chumba cha chini kwa sababu magoti yake yalikuwa yamekataa kupanda. Huyo mzee sote tulimwita Baba. Kazi yangu kwake ilikuwa dawa, choo, kubadilisha shuka, na baada ya chai ya alasiri, kumfungulia albamu.

Mara ya kwanza nilidhani ni picha za harusi. Kumbe ni bahasha. Bahasha kuukuu, tupu, hazina barua ndani, na zote ni za manowari moja. Wala si manowari ya nchi yao, ni ya Wamarekani, ya zile wanazoita destroya, nyembamba, yenye mbio, inayotangulia meli kubwa ili izikinge na nyambizi. Ilishakufa kabla mama yangu hajazaliwa au karibu na hapo. Baba alikuwa na albamu nne zake.

Mikono yake ilikuwa inatetemeka, ndiyo maana alinihitaji. Madam alininunulia glavu nyeupe za pamba za kushikia bahasha. Glavu za kuoshea vyoo nilikuwa nimeziomba tangu nifike na sikupewa. Nayasema haya mapema ili mtu asije akafikiri nakumbuka ile nyumba kwa upendo.

"Shuf," Baba alikuwa akisema, kidole kikicheza hewani juu ya ukurasa. "Angalia. Hii ni siku yake ya kuzaliwa."

Kiingereza chake kilikuwa cha bandarini na changu cha kidato cha nne, tukakutana hapo katikati. Siku ya kuzaliwa maana yake siku meli iliposukumwa majini mara ya kwanza. Upande wa kushoto wa bahasha kulikuwa na picha yake iliyochapwa kwa wino wa bluu, upande wa kulia stempu, na juu ya stempu mhuri wa posta wenye tarehe. Ukurasa wa pili, bahasha ya siku ilipokabidhiwa kwa jeshi la maji. Wa tatu, bahasha ya siku posta yake ilipofunguliwa.

"Meli ina posta, Baba?"

"Ina posta. Ina karani. Ina mhuri wenye jina lake." Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mbuzi. "Wewe ulifikiri mabaharia wanaandika barua halafu wanampa samaki?"

Nilicheka. Nakubali, nilicheka.

Akanieleza jinsi mambo yalivyokuwa. Watu wanaopenda bahasha, wako dunia nzima, walikuwa wanaiandikia meli. Mtu anachukua bahasha, anaandika jina lake mwenyewe na anwani yake mwenyewe, anaituma ndani ya bahasha nyingine kwa karani wa posta wa melini, anamwomba aigonge mhuri na kuirudisha. Karani anaigonga, na katikati ya mistari ya mhuri, akipenda, anapanga herufi ndogo za jina la mahali walipo. Bahasha inarudi kwa mwenyewe ikiwa tupu vilevile.

"Sasa mtu anajiandikia barua isiyo na kitu ya nini?"

"Ili ijulikane," Baba alisema. "Mhuri una jina, una mahali, una tarehe. Ukiwa na mhuri hakuna mtu anayeweza kukuambia haikuwepo."

Maneno hayo niliyameza mazima. Shuleni sikuwahi kushika kitu haraka namna ile.

Tulipitia maisha ya ile meli mpaka nikayajua kuliko ya ndugu zangu. Kulikuwa na bahasha za wakati wa vita ambazo hazina stempu kabisa, baharia ameandika tu kwa mkono kwamba inaenda bure, na katikati ya mistari ya mhuri hakuna jina la mahali, kwa sababu adui angejua walipo. Kulikuwa na za wakati iko gatini ikitengenezwa baada ya kupigwa. Kulikuwa na moja ambayo karani aliweka tarehe kichwa chini, na hiyo ndiyo Baba aliyoipenda kushinda nyingine. Ya makosa ina thamani zaidi, alisema. Nikawaza, karani amekosea, anawekwa kwenye plastiki. Mimi nikiunguza shati moja nanyimwa simu.

Na kulikuwa na ile ya Jeddah. Baba akiwa kijana alikuwa anapeleka maji na mboga kwenye meli zinazotia nanga Jeddah, na siku manowari ile ilipopita, baharia mmoja alimpa bahasha iliyogongwa mhuri palepale, na katikati ya mistari limeandikwa jina la mji wake. Ndiyo iliyomwanzishia huo ugonjwa.

Albamu ya nne iliishia na bahasha ya siku ya mwisho ya posta ya melini. Baada ya hapo iliburutwa ikakatwakatwa, ikauzwa chuma chakavu. Kila tulipofika ukurasa huo Baba alilia. Mzee mzima, analilia chuma. Siku moja nilimuuliza, na wale waliokufa ndani wakati wa vita, walikuwa kina nani?

"Hao siwajui," alisema, akijifuta pua. "Mimi ninakusanya meli."

Basi. Yaliyofuata ni ya kawaida sana, naona hata aibu kuyaandika kama hadithi. Dereva wa nyumba ya pili alikuwa Mkenya mwenzangu, wa kanisa kama mimi, sauti nzuri. Tulionana wakati wa kutoa takataka. Nilipomwambia nina mimba alisema, "Tulia, tutaongea," na tangu siku hiyo hatujaongea. Alimaliza mkataba wake akapanda ndege. Namba yangu aliifunga. Sitampotezea wino zaidi ya huo.

Huku mimba isiyo na ndoa si habari ya kusengenywa, ni kesi. Kabla tumbo halijaonekana nilitoka na mifuko ya takataka, nikaiweka pale pipani, nikaendelea kutembea. Pasipoti yangu ilibaki kabatini mwa kafili. Mkenya mwingine, anayebeba watu kimya kimya, alinifikisha Jeddah. Nasikia kesho yake kafili aliniripoti kuwa mtoro. Ukishaandikwa mtoro ikama yako, kile kitambulisho cha kukuruhusu kuishi, inakufa, na wewe unabaki unatembea juu ya ardhi kama kosa.

Jeddah nilipokewa na dada mmoja wa Mombasa, Muislamu, mkubwa kwangu kiasi cha kuniita mwanangu. Alikuwa na chumba Al-Baghdadiyah juu ya duka la mapazia na alikuwa akifanya kazi za kutwa nyumba za Al-Nuzha. Sijawahi kuona mtu mwenye maneno makali na roho laini namna ile.

"Tumbo hilo umelileta na basi au na ndege?" aliniuliza mlangoni. "Haya ingia, usinisimamie hapo kama mgambo. Mwenye nyumba nimemwambia humu tutakuwa wanawake wawili tu, na wanawake wawili ndio tutakaokuwa, hata huyo akitoka."

Hospitali wangeomba cheti cha ndoa kabla hawajanigusa. Nilijifungulia kwenye godoro la yule dada, nikizalishwa na yeye na jirani yake mmoja aliyewahi kuwa mkunga kwao. Ni msichana. Alitoka asubuhi na mapema, akalia kidogo sana, kama aliyeambiwa kuna mwenye nyumba.

Nilikuwa bado nina damu nilipoomba bahasha.

"Bahasha ya nini?" dada akasema. "Unataka kumwandikia nani saa hii, rais?"

Nilimweleza. Nilimwambia mtoto huyu hatakuwa na karatasi ya hospitali, hatakuwa na karatasi yoyote, kesho na keshokutwa watasema hakuzaliwa. Mhuri wa posta una mahali na tarehe. Mhuri ni wa serikali. Hakuna mtu anayeweza kubishana na mhuri. Nadhani alifikiri ni homa. Halafu alishuka dukani, akarudi na bahasha nyeupe ndefu na kidau cha wino wa kugongea, ule wa bluu, alioazima kwa mwenye mapazia.

Tulipaka wino unyayo wa mtoto tukaugandamiza upande wa kushoto, pale panapokaa picha ya meli. Ulitoka vizuri, vidole vyote vitano, kama njugu. Upande wa kulia nikaandika jina la mwanangu kwa herufi kubwa, na chini yake sanduku la posta la duka la mapazia. Dada alivaa baibui akaipeleka posta mwenyewe, siku ileile, akamsihi karani agonge mhuri usomeke. Baada ya muda ikarudi, tupu, kama zile za Baba. JEDDAH, na tarehe. Safi kabisa.

Nilitembea na ile bahasha kifuani wiki kwa wiki nikijiona mjanja. Wenzangu wenye watoto kama wangu walikuwa wanalia kwamba hawana ushahidi. Mimi ninao. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, ile furaha.

Mtoto akakua, akaanza kukaa, akaanza kusimama akishikilia ndoo. Nilikuwa nataka jambo moja tu, kwenda nyumbani naye. Si kwenda nyumbani. Kwenda nyumbani naye. Mama yangu alishamshonea sketi mbili. Nikampeleka ofisi moja inayoshughulikia karatasi za watu wetu, nikapanga foleni naye mgongoni mpaka nikafika dirishani. Nyuma ya kioo alikaa kijana Mkenya mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na mimi najua pasi.

"Sasa dada, hii umeniletea ni nini?"

"Ni ushahidi wa kuzaliwa."

Aliigeuza ile bahasha. Akaigeuza tena. Akatazama ndani.

"Haina kitu."

"Haitakiwi kuwa na kitu. Tazama mhuri. Jina lake, Jeddah, tarehe. Na huo ni mguu wake."

Alimwita mwenzake. "Ebu kuja uone. Huyu mtoto alitumwa na posta."

Mwenzake akaja na kikombe cha chai. "Ah, basi huyu ni kifurushi. Stempu walimbandika wapi?"

Wakacheka. Nyuma yangu kwenye foleni pia kuna waliocheka, wanawake wenzangu, na siwalaumu, kicheko huku hakipatikani ovyo.

"Cha hospitali kiko?" akauliza yule wa kwanza.

"Mafi. Hakuna."

"Cha ndoa?"

"Ningekuwa nacho ningekuwa nimesimama hapa?"

"Usinipandishie sauti, dada. Mimi ninakueleza tu. Huu mhuri unaonyesha bahasha ilikuwa Jeddah siku hiyo. Sawa? Bahasha. Mtoto je? Mguu huu naweza kusema ni wa mtoto yeyote." Akanyoosha kidole chini ya kioo. "Mlete hapo."

Nilimshusha mgongoni. Nilimvua soksi mbele ya watu wote, nikauweka mguu wake juu ya ule wa wino. Ulizidi. Ulizidi mbele na nyuma. Vidole vilikuwa vimeshaondoka pale vilipokuwa.

"Unaona?" akasema, na safari hii hakucheka. "Mguu ni mwingine."

"Amekua!"

"Najua amekua. Lakini karatasi inajua?"

Ningekuwa na kitu cha kurusha ningerusha. Manowari ilikuwa na bahasha ya kuzaliwa, ya kupewa kazi, ya kupigwa, ya kutengenezwa, hata ya kufa kwake, na kila mtu duniani anakubali ilikuwepo, na haipumui. Mwanangu alikuwa amesimama pale mbele yake na mguu mtupu, anajikuna. Kumwona hakutoshi.

Akanieleza kilichobaki kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kumaliza vizuri. Mimi naweza kusaidiwa. Kafili akiondoa ile ripoti ya utoro, nitapewa karatasi ya safari, halas, basi, niende. Mtoto ni jambo jingine. Itabidi kuwe na kipimo cha kuthibitisha ni wangu, kipimo kinahitaji kibali, na kibali kinatoka ofisi nyingine ambayo haijafungua hayo mafaili. Lini? Hajui. Nisubiri. Au nitangulie.

Nitangulie. Kama vile mtoto ni sanduku litakalokuja na ndege ya nyuma.

Namba ya simu ya ile nyumba ya Al-Malqa nilikuwa naikumbuka, iliandikwa juu ya simu niliyokuwa nikiipokea. Nilichagua saa ya chai ya alasiri, madam akiwa anatembelea wenzake, na Baba akiwa karibu na simu. Akaipokea mwenyewe.

"Ni mimi, Baba. Wa bahasha."

"Wewe!" Sauti ilipanda kwa furaha ya kweli, Mungu anajua. "Uko wapi wewe? Huyu mpya anakunja kona. Anashika kwa mikono ya mafuta. Ile ya tarehe kichwa chini ameipaka chai!"

"Baba, naomba umwambie madam waondoe ile ripoti yangu."

"Ukirudi wanaondoa. Binti yangu hanikatalii kitu. Rudi kesho, yalla."

"Nina mtoto, Baba."

Nilisikia saa yake ya ukutani, ile niliyokuwa naifuta vumbi.

"Mtoto, la," akasema. "Mtoto mafi. Kuna watu huko, muache kwa watu. Wewe njoo."

"Alizaliwa Jeddah, Baba. Kwenu. Nilifanya kama ulivyonifundisha. Nina bahasha yake, ina mhuri wa siku ileile."

"Ina mhuri wa Jeddah?" Pumzi yake ikabadilika, nikaisikia. "Uko wazi? Tarehe inasomeka? Usiikunje. Usiweke gundi. Njoo nayo."

Nilikata simu. Nilikaa nayo mkononi nikitukana kwa lugha zote ninazozijua, na Kiswahili ndicho kilichonitosha.

Dada aliporudi kutoka Al-Nuzha nilimwambia yote. Alivua viatu taratibu, akasugua miguu yake.

"Rudi kwa huyo mzee," akasema. "Waondoe hilo jina la mtoro, upate karatasi, uende kwenu. Mwana niachie. Nitamlea kama wa tumbo langu, kisha karatasi zikitengenea utamfuata."

"Na wewe wakikukamata?"

Alikuwa naye amepitisha muda wa ikama yake kitambo. Alimvuta mtoto mapajani akaanza kumsuka vinywele visivyosukika.

Sitasema sikuifikiria. Niliifikiria mchana nikiosha vyombo vya watu, nikaifikiria jikoni nikisonga ugali wa unga wa bei mbaya. Mtu anayesema mama wa kweli hafikirii kumwacha mtoto hajawahi kukaa mwaka mzima akimficha mwenye nyumba mtoto nyuma ya pazia. Niliifikiria mpaka mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa mimi nimesimama uwanja wa ndege kwetu na mama yangu ananiuliza huyo mwingine yuko wapi. Na hakuna popote, hata kwenye karatasi moja, palipoandikwa kwamba kuna mwingine.

Sikurudi Al-Malqa.

Badala yake nilifanya ujinga kwa mara ya pili. Kama tatizo ni kwamba mguu umekua, nikasema, basi nitagonga mwingine, na mwingine tena kila ukikua, watauona ukipanda mmoja baada ya mwingine kama maisha ya ile meli. Nilinunua bahasha. Nikaazima kidau. Ilikuwa mchana, dada yuko kazini. Nikaupaka wino mguu wa mwanangu, na yeye, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa anatembea kwa kushikilia ndoo, akanichoropoka.

Akatembea. Peke yake, bila kushika kitu, kutoka kwenye godoro mpaka mlangoni, akageuka, akarudi nusu, akaanguka akacheka. Hatua zake za kwanza. Kwenye vigae vyeupe vya mwenye nyumba kulikuwa na nyayo za bluu, unyayo mmoja umekolea na mwingine umefifia, zimepinda kama za mlevi. Bahasha ilikuwa mkononi mwangu, haina kitu.

Hapo ndipo niliposikia funguo za mwenye nyumba ngazini. Alikuwa anapanda kuja kusoma mita ya maji.

Nilimsukuma mtoto nyuma ya pazia nikamtia kidole chake mdomoni anyamaze, nikanyoosha mkono mwingine nikachukua kitambaa na sabuni. Nikapiga magoti. Nilianzia mlangoni, pale alipogeukia, nikaja nikizifuta kurudi nyuma, moja baada ya nyingine, mpaka sakafu ikawa ya wanawake wawili.